Elimutone: Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Chanzo cha Oili Inayovuja

Uvujaji wa oili ni hali ya oili iliyotakiwa kukaa ndani ya injini kuonekana nje yake. Fasili hii, ambayo kwa wepesi wake imewapita wengi, ndiyo msingi wa elimutone, yaani taaluma inayochunguza tone la oili tangu linapozaliwa hadi linapofika ardhini. Taaluma hii ina Bingwa mmoja tu anayetambulika, na aliyemtambua ni yeye mwenyewe, baada ya kusubiri kwa muda wa kutosha na kuona hakuna mwingine aliyejitokeza. Maabara zake ni vichochoro vya Gerezani na Shaurimoyo, pembezoni mwa Kariakoo, ambako maduka ya spea, gereji za wazi na mama lishe hugombea kivuli kimoja. Kielelezo kikuu ni Land Cruiser "mkonga" yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina turbo, ilianza kutoka kiwandani mwaka 1990, na hadi leo inabeba watalii, chanjo na magunia ya mahindi bila ubaguzi.

Uvujaji una madaraja matatu. La kwanza ni jasho, yaani unyevu unaokamata vumbi lakini haudondoki. La pili ni tone. La tatu ni mchirizi, ambao hauhitaji bingwa bali huhitaji kuzima injini mara moja. Wenye magari huliita kila daraja jasho, na hapo hesabu hulazimika kuingilia kati. Tone moja la oili lina ujazo wa takriban mililita 0.05, hivyo lita moja ni matone kama 20,000. Gari linalodondosha tone moja kwa dakika hupoteza matone 1,440 kwa siku, sawa na mililita 72, na kwa siku 30 hupoteza lita mbili na ushee. Mwenye gari anayesema "ni kidogo tu, fundi" huwa anaongelea tone. Injini huongelea mwezi.

Kanuni Kuu ya elimutone husema hivi: chanzo kiko juu na mbele ya tone. Oili ikishatoka hushuka kwa uzito wake, na gari linapokwenda, upepo wa feni na wa barabarani huisukuma kuelekea nyuma. Ikifika kwenye ukingo au kichwa cha bolti hupumzika, hujikusanya, kisha hudondoka. Ushahidi wa kanuni hii umesimama katikati ya Kariakoo kwenyewe. Soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lina paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua na kuyashusha chini. Anayeyakuta maji kwenye kitako cha nguzo hawezi kudai kwamba nguzo ndiyo iliyonyesha. Hata hivyo, mafundi wenye spana zao mkononi hudai hivyo kila siku kuhusu sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kabla ya kutafuta chanzo, mambo matatu huthibitishwa: kwamba kinachovuja ni oili, kwamba ni oili ya injini, na kwamba ni ya gari hilohilo. Hili la tatu ndilo hudharauliwa zaidi. Nafasi ya kuegesha magari Kariakoo haikai wazi dakika mbili, na doa lililopo chini ya gari huenda liliachwa na Fuso iliyoshusha mzigo alfajiri. Dawa yake ni katoni, bidhaa ambayo mtaa huu hautaishiwa kamwe. Katoni la televisheni hukatwa, hulazwa chini ya injini jioni gari likiwa kwenye usawa, na nafasi ya magurudumu ya mbele huchorwa juu yake kwa kalamu. Asubuhi katoni husomeka: duara jeusi katikati ya ekseli na giaboksi, vidoa viwili karibu na pulii, na pengine ramani ya maji matupu upande wa abiria. Maji hayo hutoka kwenye eisi, na kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam yamewahi kuwapeleka gereji watu wazima wenye akili zao.

Rangi na harufu humaliza mashaka mengine. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kumiminwa mpya. Oili ya giaboksi la gia za mkono na ya difu mara nyingi ni nzito na hunuka kiberiti. Ya giaboksi la otomatiki na ya sukani ya pawa kwa kawaida ni nyekundu. Maji ya rejeta yana utamu puani na rangi ya kijani au nyekundu. Dizeli ni nyepesi, hunuka kama kituo cha mafuta, na ikivuja kwenye pampu ya nozeli huosha oili ya zamani na kuishusha chini, hata ikaonekana kwamba injini nzima inalia.

Hatua inayofuata kitaaluma ni kusafisha, lakini kwa desturi ya mtaa hutanguliwa na baraza. Boneti ikifunguliwa Gerezani, watu watano hujongea kabla fimbo ya kuishikilia haijasimama. Muuza spea hupendekeza seti nzima ya gasketi. Mchomeleaji huona ufa. Dalali hushauri gari liuzwe likiwa bado linawaka. Fundi, bila kuinama, hutoa hukumu iliyo maarufu kuliko zote: "Bosi, hii ni sili ya nyuma ya krenki. Tushushe giaboksi." Ni hukumu yenye faida tatu: haionekani kwa macho, haipingiki bila kufungua, na humpa kazi fundi hadi kesho kutwa. Elimutone haiikatai. Huiweka mwisho wa foleni tu.

Kusafisha hufanywa injini ikiwa imepoa. Alteneta na mlango wa hewa hufunikwa kwa nailoni nzito, si kwa mfuko wa rambo, ambao tangu Juni 2019 umepigwa marufuku na kwa vyovyote ulikuwa ukichanika. Uchafu uliogandamana hulainishwa kwa dizeli au mafuta ya taa na kusuguliwa kwa brashi, kisha huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. Petroli haitumiki. Mvuke wake hushika moto kwa cheche moja, na gereji zenyewe zimebanana. Mwenye gari asiyetaka kuosha kwa sababu "tunajua kabisa inapovujia" aachwe na ujuzi wake, kwa kuwa kwenye injini iliyojaa matope ya oili ya miaka kumi kila mahali ni chanzo.

Injini ikishakauka, hupakwa poda ya mtoto kwenye maungio yote yanayotiliwa shaka. Huwashwa, huachwa ipate moto, kisha gari huendeshwa kidogo. Mzunguko wa kwenda Mnazi Mmoja na kurudi, kwa foleni ya Mtaa wa Uhuru, hutosha kabisa kuipasha. Boneti ikifunguliwa tena kwa tochi ya simu, poda nyeupe imebaki kavu karibu kote, isipokuwa mahali pamoja ambapo mstari mwembamba wa kahawia umeteremka kutoka chini ya kona ya nyuma ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, ukapita pembeni mwa bloku, ukapotelea kwenye ungio la injini na giaboksi. Huo mstari ndio elimutone yote. Mwanzo wake wa juu kabisa ndio chanzo, na kilichobaki ni safari tu.

Ukaguzi huenda kutoka juu kwenda chini na kutoka mbele kwenda nyuma, bila kuruka. Juu kabisa ni kifuniko cha kumiminia oili, ambacho mpira wake hukauka, na baada yake gasketi ya tapeti kava, ambayo joto huigeuza plastiki ngumu. Injini nyingi za Toyota za zamani zina vizibo vya mpira vyenye umbo la nusu mwezi kwenye ncha za silinda hedi, na kizibo cha nyuma kikichoka, oili hushuka mgongoni mwa injini na kuigiza sili ya nyuma kwa ufundi wa hali ya juu. Pembeni hukaguliwa swichi ya presha ya oili, inayoweza kutema kupitia tundu la waya wake, lakini injini ikiwa inawaka tu. Hukaguliwa pia filta, ambayo mara nyingi kosa lake ni la mfungaji: mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye kikalio, mpya ikafungwa juu yake, na mipira miwili haikupatana. Kwenye dizeli kama 1KZ ya Prado na Surf, pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mgongoni mwa alteneta na kulishwa oili kwa paipu, hivyo paipu au sili ikichoka, alteneta huoga.

Mbele huchunguzwa sili ya krenki na ya kemshafti. Hapa mzaha haufai. Kwenye 1HZ, na kwenye 300Tdi ya Land Rover Defender, sili hizo ziko jirani na beliti ya taiming, na oili hula mpira wa beliti. Beliti ikikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hukutana na pistoni, na baada ya hapo mjadala wa tone hufungwa. Kwa hiyo oili ikionekana chini ya kava la taiming, sili na beliti hubadilishwa pamoja, wala hakuna cha "tuangalie kwanza".

Chini kuna gasketi ya sampu na plagi ya kumwagia oili. Bolti za sampu zikibanwa kwa hasira, bati hupinda na kuvuja zaidi, jambo linalomfanya mbanaji aongeze hasira. Plagi huhitaji washa nzima tu. Ndipo zamu ya sili ya nyuma inapowadia. Kwenye Land Rover za Tdi, nyumba ya flaiwili ina tundu dogo chini, lenye kizibo cha kufungwa gari likivuka maji mengi na kuondolewa baadaye ili oili isijikusanye ndani. Kinachodondoka hapo hutazamwa na kunuswa. Kikiwa ni oili ya giaboksi, kimetoka kwenye sili ya shafti yake. Kikiwa ni oili nyeusi ya injini, na sehemu zote za juu zikiwa kavu, fundi wa baraza alipatia, na giaboksi lishuke. Msemo kwamba Land Rover isiyovuja imeishiwa oili haukubaliki kama matokeo ya uchunguzi, ijapokuwa Bingwa anakiri kwamba stiki yapaswa kuchomolewa kwanza.

Kuna chanzo kimoja kisicho na tundu, nacho ni pumzi. Ringi za pistoni zikichakaa, gesi ya mwako hupenya chini, hujaza sampu, na kusukuma oili nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Kwanza hukaguliwa paipu ya kupumulia, kwa kuwa ikiziba huleta balaa lilelile kwa gharama ndogo. Ikiwa wazi, injini yenye moto huachwa ikiwa sailensa, kifuniko cha oili hufunguliwa na kulazwa kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitulia, ringi zina afya. Kikirukaruka huku moshi ukitoka kwa mafungu, kubadilisha sili ni kupoteza hela, kwani ikizibwa mbele itatokea nyuma. La kuvunda halina ubani, na la ringi halina gundi.

Mgonjwa asiyetoa siri hata baada ya poda hupewa rangi maalumu ya kuchanganya na oili, inayong'aa chini ya taa ya miale ya zambarau. Hufanywa usiku, au mchana ndani ya gereji yenye giza, na mstari hujionyesha wenyewe.

Chanzo kikishajulikana huja ununuzi, ambao Kariakoo ni mtihani unaojitegemea. Sili ya zamani huenda dukani pamoja na mnunuzi, maana usoni mwake zimeandikwa namba tatu za milimita: upana wa tundu, upana wa nje na unene. Sili njema ina mdomo laini usio na mikwaruzo na springi ndogo iliyouzunguka, na hufungwa upande wa springi ukitazama oili. Boksi lenye nembo si ushahidi. Tume ya Ushindani isingekuwa na kazi ya kusaka bidhaa bandia kama maboksi yangekuwa yanasema kweli. Shafti nayo hupapaswa kwa ukucha: ikiwa sili ya zamani imechimba mfereji, mpya husogezwa kidogo ili mdomo wake ukae penye chuma kizima, au shafti huvishwa pete nyembamba. Gundi ya silikoni hupakwa kwa unyimivu. Inayofurika ndani hukatika, huanguka kwenye sampu na kuziba chujio la kunyonyea oili, na injini iliyokuwa ikivuja huwa injini isiyo na presha.

Baada ya kufunga, oili hujazwa hadi alama ya juu ya stiki bila kuipita, kwani iliyozidi hupigwa na krenki ikafanya povu na kutafuta pa kutokea. Injini huoshwa mara ya pili, gari hutembea kilomita kadhaa za mwendo wa kweli, na ukaguzi hurudiwa toka juu hadi chini, kwa sababu uvujaji mkubwa huwa umeuficha mdogo. Ada ya Bingwa hulipwa kabla ya hatua hii. Uzoefu wa fani umeonyesha kwamba gasketi ya tapeti kava ikishabadilishwa na bloku ikabaki kavu, mwenye gari, muuza spea, dalali na hasa fundi aliyetaka kushusha giaboksi huwa wote walijua tangu mwanzo kwamba tatizo lilikuwa pale.