Ukuta wa Kusini

Katika Unguja nyumba hazitiwi rangi na wenyewe, hutiwa na harusi. Mtu aweza kuishi miaka mingi nyuma ya ukuta uliobabuka asiuone, mpaka siku posa ikubaliwapo, ndipo atokapo nje akaitazama nyumba yake kwa macho ya wakwe watarajiwa, akastaajabu ni nani aliyeliachia jambo kama hili. Ndivyo alivyofanya Ami yangu, mwenye nyumba ya matofali ya saruji huko Ng'ambo, alipoizunguka pande zote, mikono nyuma, akatoa hukumu kwamba kuta tatu zafaa kuonwa na wageni, ama wa nne, ule wa kusini, ni fedheha. Tangu msingi hadi chini ya madirisha ulikuwa umeota kuvu, nyeusi yenye kuelekea ukijani, na penye pembe kuvu hiyo ilikuwa imepanda mpaka chini ya paa, ikifuata njia ya maji.

Kwa nini wa kusini? Shangazi alisema ni hasadi, kwa kuwa jirani wa upande huo alikuwa na binti ambaye hajaposwa. Ami aliwalaumu watengeneza rangi. Mimi naona shauri hili laamuliwa mbinguni, kwa maana isiyo ya kidini. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mapema mwezi wa Machi jua la adhuhuri huvuka utosi wetu kwenda upande wa kaskazini, lisirudi mpaka mapema Oktoba. Na ndani ya muhula huohuo ndimo inyeshapo masika na uvumapo upepo wa kusi, ambao huichukua mvua na kuipiga ubavuni mwa ukuta uleule uliopewa kisogo na jua. Fauka ya hayo, mfereji wa bati uliokinga maji ya paa ulikuwa umetoboka, ukimimina mahali pamoja kila inyeshapo, na Shangazi alikuwa amepanda asumini chini yake, ikastawi hata upepo usipate upenyo wa kuukausha ukuta. Lakini kumwambia Shangazi kwamba mkosaji ni asumini yake ni kazi ambayo hakuna katika ukoo wetu aliyekuwa tayari kuibeba, na kwa hiyo hasadi ikabaki kuwa ndiyo sababu rasmi.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu wa madhehebu ya sitara, yaani aliamini kwamba rangi iliumbwa ili kufunika aibu za kuta. Alipoulizwa kama ukuta hauhitaji kuoshwa kwanza, alimtazama aliyeuliza kwa huruma, akachovya brashi yake katika rangi ya mafuta, akaupaka mara mbili juu ya kuvu na vumbi na tandabui, akalipwa, akaaga kwa heshima. Ukuta uling'aa. Ami akawa hunywa kahawa yake ya jioni ng'ambo ya njia, ameuelekea. Walakini kuvu ni kiumbe hai, nacho chahitaji unyevu, kivuli na riziki. Saruji yenyewe haili, bali hula vumbi lililoganda juu yake na mafuta yaliyomo katika rangi, na zile rangi zilizokorogwa kwa mafuta ya kitani ndizo iziendeazo kwa shauku kubwa. Bwana yule, basi, hakuizika, aliiandalia karamu. Masika yalipokwisha weusi ulikuwa umetokeza juu ya rangi mpya, tena umeenea kuliko kwanza, na fundi alikuwa amehamia shamba, ambako ilisemekana haonekani.

Hapo kila apitaye akawa tabibu. Mzee mmoja aliyekuja kutupa pole, maana habari zilikwisha fika barazani, alitukumbusha kwamba wazee wetu hawakuyajua madhila haya, kwa kuwa kuta zao walizipaka chokaa kila mwaka. Na alisema kweli, kwa sababu chokaa mpya ina ukali ambao kuvu haiustahimili, ingawa hewa huupunguza ukali huo kidogo kidogo, ndipo ikawa lazima kurudia. Kisha, kwa bahati mbaya, akaongeza nasaha ya pili: mrututu. Wala hilo nalo si upuuzi. Huko Bordeaux, katika Ufaransa, mwaka 1885 mtaalamu Millardet alitangaza kwamba mrututu ukichanganywa na chokaa huiokoa mizabibu na maradhi ya ukungu, na wakulima wa dunia nzima hawajauacha tangu hapo. Ami alipousikia ushahidi wa Wafaransa alikwenda dukani akanunua mrututu wa kutosha shamba zima, akaukoroga katika maji, akajaribu pembeni. Kuvu huenda ilikufa. Hakuna awezaye kutoa ithibati, kwa kuwa pembe yote iligeuka rangi ya samawati iliyochafuka, ikaonekana toka mbali zaidi kuliko weusi uliotangulia.

Baada yake akaja binamu yangu, kijana aliyesoma, mwenye hoja ya hesabu. Alisema jiki huondoa madoa, na siki nayo huondoa madoa, kwa hiyo zote mbili katika ndoo moja zitaondoa maradufu. Akazichanganya uani, mahali pembamba penye kuku wawili na kamba ya nguo. Jiki ikikutana na kitu kikali cha namna ya siki hutoa hewa ya klorini, nayo ndiyo hewa waliyofukizwa askari katika vita vya Ypres, Aprili 1915. Tukatoka sote, kuku mbele, Ami nyuma amejifunika kilemba puani, tukakohoa barabarani mbele ya umati usioficha furaha yake. Nataka kuwa mwadilifu: aliyetuokoa siku ile ni upepo wa kusi, mshitakiwa wetu mkuu, uliopita uani ukaifagia hewa ile kuelekea baharini.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa Tanga, mchache wa maneno. Hakutazama rangi, alitazama paa. Akaziba mfereji kwanza. Kisha akachukua tone la jiki kwa ncha ya kijiti, akalitia juu ya doa, akangoja, lilipopauka akasema, "Hii hai," akahamia doa jingine karibu na ngazi, likabaki jeusi vilevile, akasema, "Hii taka." Kwa maneno hayo manne alikuwa amekwisha tufundisha kuliko wageni wote wa mwezi mzima. Akavaa glovu za mpira na miwani, akachanganya kopo moja la jiki kwa makopo matatu ya maji, bila ya siki, bila ya amonia, bila ya ushauri. Akaulowesha ukuta, kwa kuwa kuvu ikisuguliwa kavu hupeperusha mbegu zake kila mahali, akaipaka dawa toka chini kwenda juu ili isiache michirizi, akaiacha dakika 10 hadi 15 bila ya kuiachia ikauke, akasugua, akasuuza kwa maji mengi.

Ilibaki asumini. Fundi alitaka ikatwe. Shangazi alitaka fundi akatwe. Wakapatana kwamba ifungwe kamba na kuvutwa mbali na ukuta, imwagiwe maji kabla na baada ya dawa, na ifunikwe nailoni. Nailoni Shangazi aliikataa, akidai maua hayapumui, akavua kanga begani akaifunika nayo. Tone moja la jiki halina adabu kwa kanga. Lilianguka penye jina, likafuta zile herufi chache zilizokuwa zikikanusha, hata maneno ambayo tangu kanga iliponunuliwa yalikuwa yakimkataza jirani kuyafuatilia ya nyumbani mwetu, sasa yakawa yamwalika aje ayafuatilie. Kanga ikaanikwa. Jirani akaja alasiri ileile, na binti yake, wakakaa mpaka magharibi.

Nailoni iliyookolewa hapo ilipata kazi nyingine. Fundi alikata kipande cha mraba, akakibandika ukutani pembe zote nne kwa utepe, akasema kwamba saa 24 zikipita na ndani yake pakaonekana jasho, basi ukuta haujakauka, na rangi juu ya ukuta mbichi ni kujiandalia malengelenge. Pakaonekana jasho. Akabandika kingine, kesho yake, mahali pengine. Wapita njia, ambao hawakuambiwa madhumuni, walihesabu mabandiko hayo na kukata shauri kwamba nyumba ya Ami imewekewa kinga dhidi ya jambo zito, na dua zikaanza kuletwa mlangoni, pamoja na ubani, pamoja na maswali ya upole juu ya afya ya bibi arusi. Ami hakukanusha. Aliona afadhali kuogopwa na mtaa kuliko kuchekwa nao.

Hatimaye nailoni ilitoka kavu. Fundi akapaka rangi ya kwanza, kisha rangi ya maji ya nje iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, akamaliza zimesalia siku chache kabla ya ndoa, na hapo ndipo ulipozuka ugomvi pekee baina yake na Ami, juu ya malipo ya siku za kungoja. Ami alisema kwamba siku zile aliyefanya kazi ni jua na upepo, na kama kuna ujira basi wadai wenyewe. Fundi alijibu kwamba jua na upepo vilikuwapo hata zamani za fundi wa kwanza, aliyekosekana ni mtu wa kuvingojea. Walipelekana barazani, wakasikilizwa, wakagawana hasara nusu kwa nusu; na ile nusu ya fundi, kwa kuwa Ami alikuwa amekwisha nunua mchele wa harusi na mkono wake haukuwa na fedha, ikalipwa kwa mrututu uliosalia, ambao fundi aliupokea kwa bashasha isiyotarajiwa, akauliza na chokaa kama ipo, maana alikuwa na vitalu vya nyanya huko kwao na mvua za vuli zilikuwa karibu.