Chai Isubiri: Namna ya Kuwa Rafiki wa Mwenye Hashimoto

Kwanza, funga mdomo. Najua umeshaandaa majani ya mwarobaini, unga wa mlonge na kichupa cha habasoda ulichoelekezwa na mpangaji mwenzako. Viweke kando. Rafiki yako ametoka hospitali na karatasi ya vipimo mkobani, na kabla hajafika kwako ameshapata madaktari wanne ndani ya daladala. Usiwe wa tano. Muulize, "Daktari amekuambia nini?" kisha sikiliza mpaka mwisho.

Jina la ugonjwa lisikutishe. Ni la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake wanne. Tezi yenyewe ni thairoidi, imekaa mbele ya shingo kama kipepeo aliyetua, na homoni yake ndiyo inayoamua mwili uende kwa mwendo gani. Sasa askari wa mwili wamemgeukia mwenye nyumba, wanaishambulia tezi hiyo taratibu. Homoni ikipungua, kila kitu kinazubaa: moyo, utumbo, kumbukumbu, hata joto la mwili.

Ndiyo maana shosti wangu, naye ana Hashimoto, huvaa sweta Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Sweta la kijivu, mikono imevutwa mpaka kwenye vidole, na sisi wengine tunajipepea kwa daftari. Rafiki yako akikaa karibu nawe, geuzia feni upande wako, usiseme neno. Na usithubutu kumwambia "Umenenepa, mambo yamekunyookea!" Uzito huo hakuutafuta, na nywele anazozikuta kwenye chanuo kila asubuhi zinamtosha kwa huzuni.

Usimrundikie chumvi yenye madini joto pia. Tulifundishwa shuleni kwamba rovu huletwa na upungufu wa madini joto, na ni kweli, ila hili lake ni jambo lingine. Madini joto yakizidi yanaweza kumzidishia tabu, kwa hiyo hata unga wa mwani unaosifiwa kuwa tiba, amuulize daktari kwanza.

Kazi yako kubwa iko alfajiri. Wengi wenye Hashimoto, tezi ikishachoka, hupewa levothairoksini. Humezwa kwa maji matupu, tumboni hamna kitu, kisha mtu anasubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo ale. Maziwa na kahawa huizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vikae mbali nayo kwa saa nne. Sasa fikiria nyumba zetu: mgeni hajanawa uso, kikombe cha chai ya maziwa kiko mkononi mwake. Shosti alipolala kwangu mara ya kwanza nilimmiminia, naye akanywa kwa adabu, kidonge kikiwa hakijashuka vizuri. Hakuniambia hadi jioni. Iliniuma, kwa sababu ukarimu wangu ndio uliomharibia dawa.

Tangu hapo tuna utaratibu. Saa kumi na moja na nusu simu yake inalia, anakaa kitandani, anaweka kiganjani kidonge kidogo kama dengu, anameza na glasi nzima ya maji. Mimi nipo jikoni na tangawizi yangu. Kama rafiki yako anafunga Ramadhani, mkumbushe akamwone daktari kabla mwezi haujaandama. Wapo wanaopangiwa kumeza usiku, saa kadhaa baada ya futari. Akishika mimba, asingoje kliniki ya mwezi ujao, kwa sababu mahitaji ya homoni hupanda mapema.

Halafu jifunze kuhesabu wiki. Dawa hii haina haraka. Kipimo cha damu kiitwacho TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, dozi ipandishwe au ishushwe. "Umepona?" ya kila Jumapili inamchosha, maana wengi humeza kidonge hiki maisha yao yote. Muulize, "Leo umeamkaje?" Akijibu amechoka, mwamini, chukua ndoo umchotee maji. Siku ya kipimo mfuate, kaa naye kwenye benchi. Kama anatumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele, mkumbushe awaambie wapimaji kabla hawajamtoa damu, kwani vinaweza kupotosha majibu.

Kesho analala kwangu tena. Chai itachemka, nitaifunika kwa sahani, na saa kumi na mbili na nusu nitaifunua.