Duara Lililokataa Kufungwa

Katika elimu zote zinazofundishwa shuleni, sijui iliyo na kiburi kuliko jiometri. Historia hukubali kubishiwa, jiografia hubadilika mto ukihama njia yake, na sarufi, ijapokuwa kali kwa wageni, huwaonea wenyeji huruma; lakini jiometri, tangu Euclid alipoipanga katika vitabu 13 mjini Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, haijapata kumtaka mtu radhi. Ikisema kwamba pembe iliyomo katika nusu duara ni ya nyuzi 90, basi ni 90, masika na kiangazi, Misri na Tanga. Elimu yenye adhama kiasi hicho yastahili chumba chenye kuta nne na ubao usiotikisika. Mimi nilipewa mwembe.

Sababu yake ilikuwa ya haki, wala sina kinyongo. Novemba ni mwezi wa mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, na watahiniwa huhitaji madarasa, madawati, nafasi baina ya dawati na dawati, na kimya ambacho hata kunguru hufukuzwa wasikivunje; hivyo Kidato cha Tatu, ambacho hakikuwa na mtihani wa kutisha wala mtetezi, kilihamishiwa nyuma ya jiko la shule pamoja na mwalimu wake, vipande vya chaki, na mlango mzima wa duara uliokuwa ukitungoja tangu Agosti. Novemba vilevile ni mwezi wa vuli na wa embe kuiva, mambo mawili ambayo aliyetunga muhtasari wa masomo, naamini akiwa ofisini chini ya dari, hakuyatia katika hesabu yake. Embe likidondoka juu ya bati la jiko, nusu ya darasa huinuka kwa pamoja; nusu ya pili huwa imekwisha kuinuka kabla, kwa kuwa ilikuwa ikilitazama embe tangu mwanzo wa somo.

Ubao tuliuegemeza shinani. Duara nilitakiwa nilichore kwa bikari kubwa ya mbao, amana iliyopita mikononi mwa walimu wengi, ambayo parafujo yake ilipotea zamani mno, na mahali pake pakafungwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Chombo hicho kilikuwa na tabia. Kikianza safari na nusukipenyo cha shubiri mbili, mpira hulegea njiani kidogo kidogo, miguu ikapanuka kama ya mzee anayetafuta namna ya kuketi mkekani, na chaki inaporejea ilikoanzia hupita nje kwa upana wa kiganja. Nilikwenda taratibu, nikaenda haraka, nikamshikisha kijana mmoja mguu wa kitovuni. Mambo ni yale yale. "Mwalimu," akasema binti mmoja aliyejaaliwa adabu nyingi na huruma haba, "shule yafungwa Ijumaa ijayo. Duara nalo litafungwa lini?"

Hapo ndipo nilipomwona mbuzi. Alikuwa mali ya babu mlinzi, amefungwa kamba kwenye kigingi uwanjani, na kila aliyepata kusoma hesabu anajua kwamba mbuzi wa kamba ni mnyama mwenye cheo katika elimu hiyo, maana kigingi ni kitovu, kamba ni nusukipenyo, na majani yaliyoliwa ni eneo. Nikawaongoza vijana kwa safu, nikaeleza kwa ufasaha ambao mbele ya ubao sikuujua, kisha nikamhimiza mbuzi azunguke kamba ikiwa imekazwa. Akazunguka. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri hata nikaona fahari. Lakini kigingi kilikuwa kinene, na kamba ilikuwa imekazwa kwa fundo, basi kila mbuzi akienda nayo ilijiviringa kigingini, nusukipenyo kikapungua, na mnyama akawa aingia ndani, na ndani zaidi, akichora mchoro ulio ndugu wa ule ambao Archimedes aliutungia kitabu kizima, lakini ambao haukuwamo katika muhtasari wetu, hata pua yake ikagusa kigingi. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akalia.

Babu akaja mbio, kofia mkononi. "Mwalimu, mwanangu," akasema, "mbuzi wa kuzunguka hufungwa kwa pete. Hata sisi tusiosoma twalijua hilo." Niliposahihisha madaftari usiku ule nikakuta kijana mmoja amehitimisha kazi yake hivi: "Eneo la duara la mbuzi ni sifuri, na mbuzi ana njaa." Nikampa alama zote, maana kwa kigingi kile hesabu yake haikuwa na kasoro.

Mlango wa dunia kama tufe tuliusoma jikoni, mvua ikinyesha, baina ya masufuria. Niliwaambia kwamba Tanga iko karibu na nyuzi 5 kusini ya ikweta, na Pemba kadhalika, hivyo aufuataye mstari wa latitudo kwenda mashariki hufika Pemba. Mtoto wa nahodha akasema baba yake hungoja upepo kwanza. Tukaendelea.

Lakini aliyeniaibisha kuliko wote ni fundi aliyekuwa akijenga choo cha walimu hapo hapo jirani. Alipima futi 3 kwenye uzi mmoja, futi 4 kwenye wa pili, akadai futi 5 baina ya alama zake, akausogeza uzi hata zikatimia, na kona ikakaa sawa kuliko pembe yoyote niliyoichora mwaka ule. Nikafurahi, nikawaita vijana: hii ndiyo kanuni ya Pythagoras.

"Ya nani?" akauliza fundi.

"Pythagoras, Mgiriki wa kisiwa cha Samos."

"Fundi?"

"Mwanafalsafa."

"Alijenga nini?"

Nilifikiri kwa muda ambao vijana waliuona kuwa mrefu. "Basi aliichukua kwa mafundi," akasema, akarejea kwenye mwiko wake. Kinachoudhi ni kwamba hakuwa mbali na ukweli, kwani vigae vya udongo vya Babeli vyaonyesha hesabu za namna hiyo zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa. Ila sikuona busara ya kumpa mtu yule burhani ya kujisifia, ilhali choo chetu kilikuwa bado hakina mlango.

Siku ya mwisho nilipeleka vifaa kwa mtunza ghala, mtu mwaminifu ambaye imani yake kwa leja ilikuwa ile ile niliyotamani vijana wangu wawe nayo kwa Euclid. Leja ilisema: bikari ya mbao, 1. Akaigeuza bikari, akauona mpira. "Mpira wa baiskeli haumo," akasema, "na mali isiyoandikwa siipokei." Nikamweleza kwamba bila mpira bikari haisimami. "Kusimama nako hakumo," akasema, akatwaa kisu, akaukata, mguu mmoja ukaanguka huku na mwingine kule. Akavitazama vipande, akavihesabu kwa kidole ili asimdhulumu mtu, akaandika kile ambacho macho yake yaliona: bikari za mbao, 2.

Katika mkutano wa kufunga mwaka, Bwana Mkuu aliposoma taarifa ya mali ya shule, kila idara ilikuwa imepoteza kitu, kemia vyombo vya kioo, michezo mipira na nyavu, maktaba vitabu. Hesabu peke yake ndiyo iliyozidisha. Nikasimamishwa, nikapigiwa makofi, na nilipoketi mwalimu wa jiografia akaniinamia sikioni, akaniuliza kama ile bikari ya pili ningeweza kumwazima.