Sifa za Kazi ya Mbwa

Washairi wetu wamekwisha kuusifu mnazi kuanzia kuti hadi mzizi. Wamesifu jahazi, wali wa nazi, mwanamke aliyejitanda kanga, hata viatu vya viongozi. Kazi ya kuogesha mbwa haijapata mtu. Nimesubiri vya kutosha, na kwa kuwa niliacha kiti cha kuzunguka katika ofisi moja pale Posta, Dar es Salaam, nikaenda kuifanya kazi hiyo Mbezi, naona zamu ni yangu.

Si kwamba sina mtangulizi. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mjini Baghdad, mwanachuoni Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima kuonyesha kwamba mbwa ni bora kuliko wengi wavaao nguo. Hakusema kuliko wote. Alikuwa mtu mwangalifu, nami nitakuwa mwangalifu vivyo hivyo: ofisi yangu ya zamani siitaji.

Neema ya kwanza ya kazi hii ni kwamba inakuvua heshima. Msicheke. Anayejua heshima ya afisa manunuzi inavyogharimu ndiye atakayenielewa. Kila Jumamosi ilikuwa na harusi, kila harusi ilikuwa na kamati, na kila kamati ilikuwa na mwenyekiti wa kunipigia simu akinikumbusha kuwa watu wa hadhi yangu hawashuki chini ya laki mbili. Nyuma ya harusi kulikuwa na sendofu, nyuma ya sendofu kicheni pati, kisha ubarikio, kipaimara, na mahafali ya chekechea yenye joho na kofia. Hapo sijawataja vijana wa ukoo waliofika nyumbani na bahasha za vyeti: "Mjomba, nishike mkono hapo kwenu." Mkono wangu ulishikwa mpaka ukakaribia kung'oka.

Nikatangaza kwenye kikao cha ukoo kwamba sasa naogesha mbwa. Pakawa kimya. Mzee mmoja akauliza kama nimefukuzwa kwa wizi, maana wizi angalau ungeeleweka. Tangu siku hiyo bahasha za vyeti zikapotea njia ya kwangu, na mwenyekiti mmoja wa kamati akaniandikia: "Wewe toa utakachojaaliwa." Sijawahi kuandikiwa sentensi tamu kuliko hiyo na kamati yoyote ya harusi.

Harufu nayo isidharauliwe. Panda daladala saa kumi na moja jioni, watu wamebanana hadi mlangoni, wewe umetoka kuwaogesha German Shepherd wawili na manyoya yamekuganda shatini. Aliye pembeni yako atanusa, atatazama dirishani, kisha atashuka kituo ambacho si chake. Afisa wa Posta hawezi kujipatia nafasi hiyo hata akiwa na barua ya katibu mkuu.

Nakiri kwamba pwani kazi hii ina ugumu wake, na kwa hilo nimeipenda zaidi. Shangazi yangu wa Tanga alikuja mjini kutibiwa macho, akazipata habari. Nilipofika kumwona nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Simama hapohapo. Ni kweli wayasemayo?"

"Kweli, shangazi."

"Kaka yangu kauza shamba la minazi akusomeshe, mwanangu, nawe ukaogeshe mbwa?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba mbwa ametajwa kwa wema hata katika Kurani, katika Sura ya Al-Kahf, yule aliyefuatana na vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na tisa.

"Namjua," akasema. "Na unajua alilala wapi?"

Nikanyamaza.

"Kizingitini. Kanyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, ndani hakuingia. Basi nawe chai yako utanywea barazani."

Sikukubali kushindwa upesi. Nikamkumbusha Sura ya Al-Maida, kwamba windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa, likatajiwa jina la Mungu, ni halali kuliwa.

"Aliyefundishwa, ndiyo. Huyo wako anajua nini?"

"Kukaa, shangazi. Ukimwambia kaa, anakaa."

"Kukaa hata mbuzi anajua."

Nikaenda bombani kunawa, mara saba, moja kwa udongo, kama madhehebu ya Shafii tuliyolelewa nayo pwani yanavyoelekeza kwa aliyelambwa na mbwa. Shangazi akasimama mlangoni ananihesabia kwa sauti ili nisiibe hata moja. Ofisini nilishika pesa za umma mwaka mzima na hakuna aliyenihimiza kunawa. Magharibi ilipokaribia akaniita tena, safari hii kwa upole. "Hao mbwa wa matajiri wa Masaki, wanalipiwa shilingi ngapi kuoga?" Nikamtajia. Akatafakari. "Kwa sabuni yako au yao?"

Sasa tumsifu mwajiri mwenyewe. Mbwa ana meno 42, kumi zaidi ya yetu, na kwa kawaida kabla hajayatumia atakuonyesha. Mkuu wangu wa idara alikuwa na 32 tu, nikiyaona yote kila asubuhi kwenye tabasamu lake. Barua ya onyo aliileta tarishi. Mgeni wa kazi yetu hudhani mkia ukitikisika ni amani. Sivyo. Mkia ulio juu, mkakamavu, unaotikisika kwa vipigo vifupi vya haraka, unakuambia uondoe mkono. Mbwa anayepiga miayo ilhali hana usingizi, anayelamba pua pasipo chakula, anayekuonyesha weupe wa macho huku amegeuza kichwa, ana hofu, na ukimsogelea hapo lawama si zake. Vikaoni nilikaa miaka na watu wenye dalili zote hizo, nikidhani wamechoka na mada.

Na bidii yake haidai posho. Kule Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limewafunza mbwa pamoja na askari wao kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, na wahitimu wamepelekwa bandarini na kwenye viwanja vya ndege, Mombasa na Nairobi zikiwa miongoni mwa vituo vyao. Kontena linaweza kuwa na mihuri mitano na sahihi za mabwana wenye tai. Mbwa analizunguka, ananusa, anakaa chini. Kukaa huko ndiyo ripoti yake nzima, haina muhtasari wala viambatanisho. (Shangazi, kama unasikia: mbuzi hajui kukaa hivyo.) Malipo yake ni kutupiwa mpira achezee kidogo. Hajalala hotelini, hajajaziwa mafuta ya gari, hajaomba semina Bagamoyo.

Watu wa Morogoro watanipinga hapa, nao wana haki. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, aliyezaliwa hukohuko, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyagundua Kambodia, na akawa panya wa kwanza kuipata. Sina neno baya juu ya panya. Ila hakuna mtu Masaki anayelipa panya wake aogeshwe.

Masaki na Mikocheni ndiko liliko soko, na huko utamkuta husky, mbwa wa kuvuta magari ya theluji Siberia, akiishi chini ya kiyoyozi kwa sababu mwili wake hauna njia nyingi za kutoa joto: hatoki jasho ila kwenye nyayo, na kazi kubwa inabaki kwa ulimi. Mwezi wa Februari, umeme ukikatika, nyumba nzima inahangaika kumwekea barafu. Getini, chini ya mwarobaini, amekaa mlinzi ambaye kwa mwezi halipwi gharama ya chakula cha mbwa huyo cha dukani. Mbwa ana daktari wake na kadi ya kliniki. Mlinzi hana bima. Hapa sifa zangu kwa mwajiri wa miguu minne hazipungui, kwani si yeye aliyepanga mishahara. Waliopanga wanavaa nguo, angesema yule mwanachuoni wa Baghdad.

Lipo la kichaa cha mbwa, nalo halina utani mwingi. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani hukadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi ni watu wa vijijini Afrika na Asia, watoto wakiwemo. Hata hivyo, kama mpiga debe wa kazi hii sina budi kusema kwamba kichaa hiki kina chanjo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa jijini Paris, Joseph Meister, na mtoto akapona. Vichaa nilivyoviona ofisini wakati wa kufunga mwaka wa fedha, mwezi wa Juni, bado vinasubiri mtafiti. Tena kichaa cha mbwa kinazuilika kwa hesabu nyepesi: mkichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mkaendelea hivyo, ugonjwa unakosa pa kupita. Na mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi ya kutiririka na sabuni, dakika 15 bila kufanya haraka, kisha hospitali siku hiyohiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majani ya bibi yabaki jikoni.

Yaliyobaki nayapitia mbio. Kupe anafundisha subira, maana humwondoi kwa hasira: unamshika karibu na ngozi kwa kibano, unamvuta taratibu. Viroboto wanakufuata nyumbani, jambo ambalo faili za ofisi nazo zilifanya bila kualikwa. Mavi yanaokotwa kila asubuhi kwa koleo, mchana kweupe, kila mtu akiona ni ya nani. Mshahara umeshuka, ndiyo, lakini Desemba wazungu na matajiri wakisafiri na kutuachia mbwa wao, mabanda hujaa, na wiki hizo mbili nakula kuku.

Basi ndugu msomaji uliyefika hapa ukiwa mezani pako ofisini, ukipunguza dirisha la kompyuta kila bosi anapopita: tunahitaji mtu wa kuogesha kabla msimu wa Desemba haujaanza. Njoo na mabuti ya mpira na nguo usiyoipenda. Vyeti viache nyumbani, hakuna atakayevisoma, na kimoja kilishaliwa. Mwombaji awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Mbwa wetu wote wameshachanjwa.