Fito Mbili Bila Nyumba

Shemeji yangu anayeishi Marekani alipouliza aniletee zawadi gani, sikutaja simu wala viatu. Nilimwomba fito mbili za kujipangia kwenye mazoezi ya gofu. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe kule kwao fito za aina hiyo zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Watu huzichomeka kando ya njia ya gari kabla ya majira ya baridi, ili theluji ikishafunika kila kitu, mwenye kuizoa ajue njia inaishia wapi na bustani inaanzia wapi.

Zikafika. Rangi ya chungwa, nyembamba kuliko kidole, urefu sentimita 122. Urefu huo naukumbuka kwa sababu ndani ya bajaji zilipita ubavuni mwa dereva, na kila alipokata kona zikamgusa sikio.

"Mzee, unajenga?"

"Hapana. Nacheza gofu."

Hakuniuliza kitu kingine mpaka tukafika. Mke wangu ndiye aliyeuliza. "Baba watoto, fito mbili zinajenga banda gani?"

Kazi yake kwenye mazoezi ni rahisi kuieleza. Ufito mmoja unaulaza ukielekea shabaha, ng'ambo kidogo ya mpira. Wa pili unaulaza mbele ya vidole vya miguu, sambamba na ule wa kwanza, kama reli za treni. Mpira unasafiri kwenye reli ya mbali, wewe umesimama kwenye reli ya karibu. Kwa hiyo sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia, miguu yetu haielekei kwenye bendera, inaelekea kushoto kwake kidogo.

Kedi wangu, kijana anayenibebea fimbo, asiye na maneno mengi, aliniambia nisimame kama nilivyozoea. Akalaza ufito kwenye ncha za viatu vyangu.

"Sasa bosi, rudi nyuma uangalie."

Nikarudi. Bendera ilikuwa kule katikati. Ufito wangu ulikuwa unaelekea kulia, kwenye mwembe.

Miaka sita! Miaka sita nimelaumu upepo wa bahari, majani marefu, mipira ya mtumba, na fimbo ambazo nimeshazibadilisha mara mbili. Kumbe siku zote nilikuwa nalenga maembe.

Nikajipanga upya kwa kufuata fito. Nilijiona kabisa kama nimeelekea maegesho ya magari. "Hapo hapo, bosi," kedi akasema. Nikapiga. Mpira ukakata kushoto, ukatua juu ya bati la banda la makedi kwa kishindo, na waliokuwa wamelala humo wakatoka mbio.

Nilitaka kuzirudisha fito Marekani siku ileile, ila kosa halikuwa lao. Kwa miaka yote hiyo mikono ilishagundua kwamba miguu inaelekea mwembeni, ikajifunza kimyakimya kuuvuta mpira kushoto ili tufike angalau jirani na shimo. Sasa miguu imenyooshwa na mikono haijapewa taarifa. Makosa yangu yalikuwa mawili, yakiegemeana kama walevi, nami nimeondoa moja.

Wiki ya pili niliukosa mpira, nikaupiga ufito. Ulipasuka upande mmoja, nami nikauokota kwa mkono mtupu. Fito hizi ni za fibaglasi, nayo ikipasuka huachia nyuzi ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Nilijikuna usiku kucha kama niliyekumbatia upupu, mke wangu akinichomoa miiba kwa kibano na tochi ya simu. Asubuhi akadai ufito ule uwe wake, akaufunga utepe wa gundi na kuuchomeka kando ya mnyanya wake. Mimi nikataka wangu. Wahenga walionya kuhusu kugombea fito wakati nyumba mnajenga moja. Nikaona aibu, nikamwachia.

Nikabaki na mmoja, nao ukaniponza kwenye shindano la Jumamosi. Pale kwenye shimo la kwanza niliulaza chini kwa mazoea, nikasimama, nikajipanga vizuri ajabu. Kedi akakohoa. Mwenzangu akafungua kitabu cha kanuni kwa furaha ambayo sikuipenda. Ufito kukaa kwenye mfuko hakuna ubaya, lakini ukiulaza ukusaidie kusimama wakati wa mchezo, ni adhabu ya mapigo mawili, hata ukiuondoa kabla hujapiga. Tangu 2019 hata kedi haruhusiwi kusimama nyuma yako kwenye mstari wa shabaha pale unapoanza kujipanga. Nilikuwa nimeshapoteza mapigo mawili, na mpira bado haujaguswa.

Mnyanya wa mke wangu sasa umenyooka kuliko mpira wangu wowote. Hata hivyo fito ninazitetea. Wewe unayetaka kununua fimbo mpya mwisho wa mwezi, subiri kwanza. Laza ufito mbele ya viatu vyako, rudi nyuma, uangalie unalenga nini. Kama huna ufito, mpini wa fagio unatosha.