Macho Matatu, Tundu Moja

Hongera, shemeji wa Maili Moja, kwa kuhamia iPhone 11 Pro. Kibaha yote imepata habari, maana hata ukiongea nayo unahakikisha yale macho matatu ya kamera yanatutazama. Tecno yako umempelekea mama mkwe kule Kisarawe, ukasema, "Hii itakufaa kwa mambo madogo madogo."

Haya, tuyaangalie hayo madogo. Tecno ilibeba laini mbili: ya bando na ya kutuma pesa. Hiyo mpya ina tundu moja la laini. Ya pili lazima iwe ya kielektroniki, yaani eSIM, nawe laini yako ya pesa unatembea nayo kwenye pochi, imeviringishwa kwenye risiti. Tukija kwenye chaji, Apple walileta tundu la USB-C kwenye iPhone mwaka 2023, kwa iPhone 15. Yako ni toleo la 2019, ndiyo maana kila saluni ya kinyozi unaulizia waya kama mgonjwa anayeulizia dawa iliyoadimika.

Ukitaka kumtumia mama mkwe nauli, unachomoa laini, unachomeka nyingine, unabonyeza *150*00#. Inakuja menyu ileile ya M-Pesa inayokuja kwenye kitochi. Mwenzako Kisarawe anachomeka waya wa masikioni, anasikiliza redio bila bando, na chaji anaamka nayo.

Simu bora ni inayopatikana ikipigwa. Yako, shemeji, tangu saa nane mchana haipatikani.