Mhariri Mkuu Bila Bando

Nani alinituma? Hebu niambie wewe, maana mama watoto ameuliza mpaka amechoka. Mimi ni mtu wa kufundisha insha. Jumamosi. Ubao, chaki, benchi, kwisha. Darasa liko Busia, upande wa Kenya, na vijana wanatoka kote kote. Wa Marachi na Burumba wanakuja kwa miguu. Wa Tororo wanapanda teksi hadi mpakani, wanavuka, wanafika kabla ya wa Marachi. Sasa kuna mmoja akasema tufungue tovuti, insha zetu zisomwe na dunia. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Kumbe anayepiga makofi kwa nguvu ndiye anafanywa mhariri mkuu.

Vita vya kwanza, jina. Wakenya wanataka anwani iishie na .ke. Wa Tororo wanataka .ug. Nikasema basi tuweke zote mbili, moja mbele moja nyuma. Kimya. Wakaangalia viatu vyao. Kijana mmoja wa Tororo akasimama, mpole, mikono nyuma. "Mwalimu, kabla ya 1902 hapa tulipokaa palikuwa Uganda. Mpaka ulikuwa huko karibu na Naivasha. Ni Waingereza waliuhamisha." Nikamwambia akae chini, huo ni uchochezi. Jioni nikapita saiba kuhakikisha. Bwana wee, ni kweli! Yaani babu yangu alizaliwa Uganda, akafia Kenya, na hakuhama hata hatua moja. Na hakuna mtu alituambia nyumbani.

Halafu pesa. Jina lenyewe linalipiwa, hiyo nayo nilikuwa sijui. Nilidhani jina ni jina, unajiita tu. Tukachanga. Wa Tororo wakaleta noti za kwao, elfu elfu, nikaweka mfukoni, mfuko ukajaa, nikatembea mtaani kifua mbele. Nikamsalimia hadi mwenye nyumba ninayemkwepa. Kufika kwa wale wa kubadilisha pesa pale karibu na geti, noti ya 1,000 haifiki 40 za kwetu. Nikatoka na pesa ya chapati na chai. Na mwenye nyumba alikuwa ameuona mfuko.

Basi tukachukua tovuti ya bure. Ya bure ina anwani ndefu! Nilijaribu kuiandika kwenye manila nibandike mlangoni, ikaishia katikati. Nikageuza karatasi nikaendelea nyuma. Mpaka leo mtu akitaka kutusoma lazima ang'oe bango.

Matangazo ya kazi nikaweka Facebook, kama watu wa kisasa. Nani aandike nini, siku gani, maneno mangapi. Wakenya wakajibu. Wa Tororo, kimya kabisa. Nikanuna. Jumamosi nikawapa hotuba ya heshima, dakika arobaini, nikitembea huku na huku. Nilipomaliza, msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, Facebook kwetu ilifungwa tangu Januari 2021. Mpaka utumie VPN." Sasa ungekuwa wewe ungefikiria nini? Kule si kuna NRM, FDC, UPC, NUP? Nikasema hapa darasani hatutaki mambo ya vyama. Walicheka mpaka mama wa mandazi nje akaja kuuliza kama kuna msiba.

Siku ya uzinduzi tukachagua tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO wenyewe ndio walitangaza, 2021. Safi. Ila mimi nikaenda kuwaambia wazazi wa Busia tunazindua Saba Saba. Unajua Mkenya akisikia Saba Saba anakumbuka nini. Tangu 1990 siku hiyo ni ya maandamano, ya kukimbia na kitambaa puani. Mzee mmoja akanivuta pembeni, akanishauri nimrudishe mwanawe kwa usalama na nijitafutie wakili.

Lakini hayo si kitu. Ngoja nikwambie kilichoniuma.

Niliposikia kwamba baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, nilifurahi. Nilijua soko limefunguka, watatuhitaji sisi wenye lugha. Kwa hiyo neno la kuwakaribisha wasomaji niliandika mimi. Nilianza na wahenga. Nikaweka methali tatu. Nikaweka furaha mpwitompwito. Nikamaliza na "karibu kwenye tovuti letu". Nikalala vizuri.

Hii tovuti ni ya wote, kila mtu ana ruhusa ya kurekebisha. Na ina kitufe kinachoonyesha nani amebadilisha nini, saa ngapi. Aliyebuni kitufe hicho hakuwa na amani kwake. Asubuhi nikafungua. Wahenga hawapo. Methali zimekatwa zote. "Letu" imekuwa "yetu". Mpwitompwito imewekewa alama ya kuuliza. Nikabonyeza kitufe nione ni Mkenya gani mwenye wivu. Ni yule msichana wa Tororo! Saa tano usiku! Na ameacha maelezo kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, ngeli."

Samahani mwalimu! Nimerudisha "letu". Akarudisha "yetu". Nikarudisha. Akarudisha. Bando langu likaisha katikati ya vita, lake likabaki. Nikampelekea kesi mama watoto, yeye hajui tovuti ni mnyama gani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si ni yetu tu?"

Sasa wanasema kila mwandishi awekwe picha. Yangu wameikataa, ati niliipiga nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa nimefumbua.